Saa ina mikono, sindano ina jicho: kujifunza maneno ya Kiingereza kwa vitendawili

Kitendawili! Tega. Kina uso, kina mikono miwili, lakini hakijapata kunawa uso hata siku moja.

Msomaji aliyesoma kwa Kifaransa miaka yote ya sekondari, kama sisi karibu wote katika kitivo hiki, atahangaika kidogo. Atawaza mtu, atawaza mnyama, atawaza sanamu. Jibu ni saa ya ukutani. Kwa Kiingereza saa ina "face", uso, na ina "hands", mikono. Kwa Kifaransa haina mikono, ina "aiguilles", sindano. Sisi kwa Kiswahili tunasema mishale, na kamusi za Kiswahili sanifu zinaongeza neno akrabu, lililotoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni nge. Kitu ni kimoja, kinazunguka namna moja, lakini mmoja ameona mikono, mwingine sindano, mwingine mishale, mwingine nge.

Mtu akishatafuta jibu hilo kwa dakika tatu, akakosa, akaambiwa, akacheka, hatasahau kwamba "hands" ni ya saa pia. Lakini ukimpa neno hilo hilo katika orodha ya maneno mia moja ya kukariri kabla ya mtihani, atalijua siku ya mtihani na litamtoka wiki inayofuata. Hilo sote tumeliona. Tunanunua silabasi, tunapiga mstari chini ya maneno, tunayaandika upande wa kushoto na Kifaransa upande wa kulia, na mwaka unaofuata tunaanza upya na "house" na "window".

Nasomea isimu, upande wa lugha za Kiafrika, na najua kuna watakaouliza nimetafuta nini katika Kiingereza. Kwanza, kozi ya Kiingereza ni ya lazima kwetu sote, hata sisi tunaochambua ngeli za Kibemba na Kisanga. Pili, kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa si safari ya siku nzima, na ng'ambo ya mpaka, Zambia, ofisi zote zinaandika Kiingereza. Tatu, nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na anayetaka kazi huko ataandika barua yake kwa Kiingereza. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: naona tunakitumia Kifaransa kama mlango mmoja tu wa kuingilia Kiingereza, na Kiswahili chetu tunakiacha nje kwenye baraza, kama mgeni asiyejulikana. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba kwa maneno mengi Kiswahili ni daraja bora, kwa mengine Kifaransa ni bora, na kwamba njia nzuri ya kujua lipi ni la nani ni kucheza.

Tuendelee kidogo na viungo vya mwili, maana hapo pana utajiri. Sindano ya kushonea kwa Kiingereza ina jicho, "eye". Kwetu ina tundu tu, na Kifaransa kina neno lake la pekee, "chas", ambalo nimewauliza wenzangu wengi wa Kifaransa na wakanikodolea macho. Chupa ina shingo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kitana kina meno katika lugha zote tatu, kwa hiyo "teeth" ya kitana inaingia bila kubisha hodi. Mto una kinywa kwa Kiingereza, "mouth". Kifaransa nacho kinaficha kinywa ndani ya "embouchure", ukitazama vizuri utaona "bouche". Sisi tunasema mlango wa mto. Mto wetu mkubwa unapofika Banana, Mwingereza anaona unafungua kinywa, sisi tunaona unafungua mlango.

Halafu kuna shamba la mahindi. Waingereza wana kitendawili cha kale cha shamba lenye masikio mengi lisilosikia neno. Kinategemea neno "ear", ambalo ni sikio na pia ni suke, lile hindi zima likiwa bado kwenye bua. Mwanafunzi mmoja wa kwetu, mtu wa bukari mchana na jioni, aliniuliza: "Yaya, wao waliona nini kwenye hindi kinachofanana na sikio?" Swali zuri, na jibu ni kwamba hawakuona chochote. Katika Kiingereza cha kale yalikuwa maneno mawili tofauti, moja la kiungo cha mwili na moja la suke la nafaka. Sauti zilichakaa kwa karne nyingi mpaka yakafanana. Hiyo ndiyo homonimia, na si ile ya mikono ya saa, ambayo ni neno moja lililotanua maana, yaani polisemia. Tofauti hiyo tunaifundishwa kwa maelezo ya kurasa nne. Kwa hindi na saa inaeleweka kabla maharagwe hayajaiva.

Kiswahili kina yote mawili. Neno paa ni mnyama wa porini, ni sehemu ya juu ya nyumba, ni kitendo cha kwenda juu na ni kukwangua magamba ya samaki. Maneno manne yaliyokutana njiani tu. Lakini mbuzi ni kitu kingine: sisi wa Katanga tunamjua mbuzi wa nyama, ila watu wa pwani wanaye pia mbuzi wa kukunia nazi, na ukikitazama kile kigoda chenye miguu, shingo na meno ya chuma, unaelewa jina lilivyohama. (Hata hilo neno yaya hapo juu lingemchekesha mtu wa pwani. Kwetu ni kaka au dada mkubwa, ni neno la heshima. Kwake ni msichana anayelipwa kulea mtoto.)

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kuna kijana tunayesoma naye, mwenye akili, aliyeandika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo ya kazi. Barua ilikuwa safi, haina kosa la tahajia. Lakini ilianza kwa "I demand". Alikuwa na "je demande" kichwani, akaibadilisha herufi mbili tatu, akaona imekuwa Kiingereza. Kwa Kiingereza "demand" si kuomba, ni kudai, kwa sauti ya mtu anayegonga meza. Hakupata jibu. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya neno hilo, barua nyingi hazijibiwi. Ila najiweka mahali pa aliyeifungua asubuhi, akakuta kijana asiyemjua anamdai.

Angalieni jambo hili vizuri. Kifaransa kina "demander" kwa kuomba na kwa kuuliza. Kiingereza kina "ask" kwa kuomba na kwa kuuliza. Kiswahili kina kuomba, kuuliza na kudai, kila kimoja na mahali pake. Yule kijana angeuacha mlango wa Kifaransa akapita kwenye Kiswahili, angejiuliza: mimi naomba au nadai? Na hapo "demand" ingekataa yenyewe kuingia. Kosa halikutokana na kutojua Kiingereza. Lilitokana na kuchagua daraja baya.

Nilianza kuyakusanya maneno ya namna hii, na kila nilipoyakusanya niliona Kiswahili kinatenganisha pale Kifaransa kinapochanganya. "Rester" ni kubaki, "rest" ni kupumzika. "Assister à" ni kuhudhuria, "assist" ni kusaidia. Kwa hiyo anayesema ame-"assist" ajali barabarani amejishtaki mwenyewe. "Librairie" ni duka la vitabu, "library" ni maktaba. "Actuellement" ni kwa sasa, "actually" ni kwa kweli. "Apprendre" kwa Kifaransa ni kujifunza na pia kumfundisha mtu, ndiyo maana tunasikia "he learned me English" kila siku. Na Kiswahili tangu utotoni kinatuambia kwamba kujifunza na kufundisha ni vitendo viwili, "learn" na "teach", tena viko katika mpangilio ule ule.

Mengine ni ya kuchekesha kweli. Chupa ya maji ya matunda iliyotoka ng'ambo ya mpaka imeandikwa "no preservatives". Mwenye Kifaransa kichwani anasoma kwamba kiwanda kinamhakikishia kwa herufi kubwa kuwa ndani ya chupa hamna kondomu. Anashukuru, lakini anabaki na wasiwasi juu ya chupa nyingine. Na wanaokwenda kwenye ibada zenye mhubiri wa Kiingereza na mkalimani wa haraka haraka wanajua hatari ya "bless". "Blesser" ni kujeruhi. Mhubiri anawabariki watu, mkalimani akiteleza anawatakia vidonda. Kwa Kiswahili hakuna hatari hiyo, kubariki na kujeruhi hayakaribiani hata kwa sauti. Ajabu ni kwamba "bless" ya Kiingereza, ukifuata asili yake, imetoka katika neno la damu, "blood": kubariki kulikuwa ni kutakasa kwa damu. Haihusiani na "blesser" hata kidogo, ila ukimwambia hivyo mwanafunzi aliyecheka, sasa ana maneno matatu badala ya moja.

Nisiwe mwongo lakini: daraja la Kiswahili nalo lina mbao zilizooza. Mkono kwetu ni kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Kiingereza kinaukata kuwa "arm" na "hand". Mguu unakatwa kuwa "leg" na "foot". Kidole cha mkononi ni "finger", cha mguuni ni "toe", na anayesema amevunjika "finger" huku anachechemea anamchanganya daktari. Hapo Kifaransa, chenye "bras" na "main", "jambe" na "pied", kinatuvusha salama. Na yeye wetu, asiyejali mwanamke wala mwanamume, anatuletea kilio cha "he" na "she" mpaka mwaka wa tatu. Kwa hiyo siku za Jumamosi tunapokutana chini ya mwembe, swali la kwanza kwa kila neno jipya ni hili: daraja gani? Watu wanabishana. Mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Daraja la Kifaransa linang'aa zaidi jikoni. Mwaka 1066 Wanormandi waliivamia Uingereza chini ya William, na kwa karne kadhaa mabwana walisema Kifaransa na wachungaji wakasema Kiingereza. Mnyama akiwa zizini ana jina la mchungaji: "cow", "sheep", "pig", "calf". Akifika mezani ana jina la bwana: "beef", "mutton", "pork", "veal". Na sisi tunaozijua "bœuf", "mouton", "porc" na "veau" tunajikuta tumeshakaa mezani bila kualikwa. Maelezo haya aliyasambaza sana Walter Scott katika riwaya yake Ivanhoe, kwa mdomo wa mchekeshaji wa bwana mmoja. Ni mazuri, na nayatumia, lakini tusome kama wanaisimu: maandishi ya zamani yanaonyesha "mutton" ikitajwa pia kwa kondoo aliye hai, na wingi "beeves" ulikuwa wa ng'ombe wenye miguu yao. Mgawanyo wa zizi na meza haukukamilika siku moja, na haukufanywa na mpishi mmoja. Kwetu Kiswahili hakijapata shida hiyo. Ni nyama ya ng'ombe, ni nyama ya kondoo, na kila mtu anajua anachokula.

Kuna udadisi mwingine ninaoupenda kuliko wote, na hapa nitakaa kidogo. Kiingereza kina neno "apron", kitambaa cha kujikinga unapopika. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, "naperon", ndugu wa "nappe", kitambaa cha meza, na wa "napperon" tunachotandika chini ya redio nyumbani. N imekwenda wapi? Waingereza walikuwa wakisema "a napron". Mdomo hauweki nafasi kati ya maneno. Kizazi kimoja kikasikia "an apron", na n ikahamia upande wa pili wa ukuta. Ilibaki salama katika "napkin" tu. "Umpire", mwamuzi wa mchezo, alikuwa "noumpere", kutoka "non per" ya Kifaransa, asiye na mwenzake, yaani mtu wa tatu asiye upande wowote. Naye akapoteza n kwa njia ile ile. "Nickname", jina la utani, lilikwenda kinyume: lilikuwa "an ekename", jina la nyongeza, na n ikaiba mahali.

Na "cherry"? Wanormandi walisema "cherise", tunda moja. Waingereza wakasikia s mwishoni wakadhani ni wingi. Wakaikata. Wakapata umoja ambao haujawahi kuwapo.

Sasa, wasomaji wa ngeli, shikeni viti vyenu. Kiswahili kililipokea neno "mudguard" la Kiingereza, bati la juu ya gurudumu linalozuia matope. Likawa madigadi. Masikio ya Mswahili yakasikia ma-, na ma- ni wingi, basi moja ni digadi. Ni "cherry" ile ile, ila mkasi umekata mwanzo badala ya mwisho, kwa sababu sisi wingi tunauvaa kichwani na wao wanauvaa miguuni. Na "keep left", kibao cha kumwambia dereva apite kushoto, kikawa kipilefti, mzunguko wa barabara, na kama kuna kipilefti kimoja basi kuna vipilefti viwili, kama kitabu na vitabu. Kitabu chenyewe ni wa aina hiyo hiyo: "kitab" ya Kiarabu ilikuja na ki- yake ya shina, sisi tukaifanya kiambishi. (Hapa Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo kipilefti kingetuua, ndiyo maana tumebaki na "rond-point".)

Mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba "apron" ilikuwa "napron", ni habari tu. Akimwonyesha kwamba bibi yake huko kijijini angeweza kufanya kosa lile lile na digadi, Kiingereza kinashuka kutoka juu ya kabati. Kinakuwa lugha ya watu waliosikia vibaya kama sisi, wakaendelea na maisha. Na kwa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika kuna faida ya pili: ameielewa ngeli ya ki-/vi- na ya ma- kwa ndani, si kwa jedwali.

Lubumbashi yenyewe ni ghala la udadisi huu. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, na wafanyakazi wengi wa migodi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, nchi ya leo ya Zambia. Wakati ambapo serikali ilikuwa ya Kibelgiji na karatasi za Kifaransa, maneno ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini chini, kwa gari moshi. Wazee wetu bado wanasema motokari na bulangeti. Mpe mwanafunzi kazi ya kumhoji babu yake, arudi na maneno matano ya Kiingereza ambayo babu hajui kuwa ni ya Kiingereza. Atayatambua "motor car" na "blanket" na hatayasahau, kwa kuwa yametoka kinywani mwa babu. Na njia ni ya pande mbili: Kiingereza nacho kimechukua okapi kutoka katika msitu wetu wa Ituri, na wanaocheza Jenga duniani, ule mchezo wa vipande vya mbao uliotolewa London mwaka 1983, wanaamrishwa kwa Kiswahili kila wanapolitamka jina lake. Leslie Scott aliyeubuni alizaliwa Tanzania.

Michezo ya herufi naipitia haraka, maana inachosha ikizidi. Ila mmoja ni lazima. Chukua "listen", sikiliza. Zipange upya herufi zake zile zile upate "silent", kimya. Katika "listen" herufi t haitamkwi, iko kimya. Katika "silent" inatamkwa, inasikika. Yaani pale unapoambiwa usikilize, hakuna cha kusikia. Sisi michezo yetu ni ya silabi: geuza lima upate mali, geuza kata upate taka, na watoto wa pwani wana kinyume chao cha kuhamisha silabi ya mwisho iende mbele. Silabi zetu zinaishia kwa irabu na tahajia inafuata sauti, kwa hiyo zinageuzwa kwa mdomo. Kiingereza hakigeuziki kwa mdomo, kinageuzwa kwa kalamu. Ndiyo maana Waingereza wenyewe, tangu karne ya 19, wanajitania kwamba samaki, "fish", angeweza kuandikwa "ghoti": gh ya "enough", o ya "women", ti ya "nation". Mwanafunzi wetu akiliona "ghoti" anasoma goti. Samaki amegeuka kiungo cha mguu, na sijui hata jikoni wangempika vipi.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba chuo kikuu si mahali pa vitendawili vya watoto. Nilimjibu kwa adabu, na namjibu tena hapa. Katika Romeo and Juliet ya Shakespeare, Mercutio akiwa amechomwa upanga, anakufa huku akicheza na neno "grave", ambalo ni mtu mwenye uzito na pia ni kaburi. Maana ya kwanza imetoka katika Kifaransa, nasi tunaijua. Ya pili ni ya Kiingereza cha asili, inahusiana na kuchimba. Mwanafunzi wa fasihi mwenye daraja moja tu atamsikia Mercutio akisema kesho atakuwa mtu makini. Hatajua kwamba anazikwa. Mchezo wa maneno ndipo lugha inapoficha vitu vyake vya thamani, na asiyeucheza hatavikuta.

Kundi letu lina taratibu chache. Kila mmoja anakuja na neno moja, si kumi. Analitega kama kitendawili, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa sauti. Wenzake wakishindwa wanampa mji, naye anatawala mji huo mpaka Jumamosi ijayo. Neno haliingii daftarini mpaka limechekesha mtu au limezua ubishi wa daraja. Nimeona waliokuwa hawafungui mdomo darasani wakifungua hapa, kwa sababu anayetega kitendawili haulizwi kama anajua. Yeye ndiye mwenye jibu. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyekaa miezi miwili bila kusema neno, ana miji mingi kuliko sisi sote na anatutawala bila huruma.

Njia hii haifundishi kila kitu. Nyakati za vitendo hazichekeshi. Sauti ya th inahitaji ulimi na mazoezi, si kitendawili. Na kuna maneno madogo yanayoshikilia sentensi, kama "although" na "therefore", ambayo hayana mwili wala uso; kwa hayo hakuna njia ila kusoma kurasa nyingi. Nimejaribu kutega "although" mara mbili, wakataka kunipiga. Orodha nazo sizifukuzi moja kwa moja. Ninachoomba, na kwa walimu wetu ninaomba, sidai, ni kwamba katika karatasi za kozi pale ambapo kuna safu mbili, Kiingereza na Kifaransa, iongezwe safu ya tatu ya Kiswahili. Gharama ni wino tu.

Nimebakiza vitano, majibu yote ni neno moja moja la Kiingereza.

Kitendawili! Kwa Kifaransa unaniomba mezani kila asubuhi, kwa Kiingereza unamwomba daktari aniondoe.

Kwa Kifaransa nakaa pembeni mwa chumba, kwa Kiingereza nakaa mfukoni.

Kwa Kifaransa mimi ni nyama ya mwili wako, kwa Kiingereza unanikalia.

Mto unao wawili, kushoto na kulia, lakini nikiwa mjini natunza fedha za watu.

Mlima unao mmoja, kitanda kinao mmoja, na fundi wa kale wa Kiingereza alihesabu inchi 12 ndani yangu.

Mkishindwa nipeni mji. Likasi na Kolwezi nimeshapewa, leteni mkubwa zaidi.